UZITO WA BAISKELI NA VIUNGO VYAKE
Somo la maarifa na hesabu kwa wenye kutumia baiskeli Likoni, Kisauni na Changamwe

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Amtazamaye mchuuzi wa madafu akisukuma baiskeli yake kutoka ferini huona madafu tu, naye hupita zake. Lakini mchuuzi mwenyewe ajua kila ratili ya mzigo ule, kwa maana huihesabu kwa magoti, kwa mgongo na kwa jasho.

Wengi wa watu hawa hujiuliza swali moja wakati wa kununua baiskeli: Je, ninunue ile nzito iliyozoeleka, au hii nyepesi yenye gia nyingi? Mwenye duka atasifu aliyo nayo, na rafiki atasifu aliyonunua yeye. Katika somo hili twataka kumpa msomaji njia ya kujiamulia mwenyewe, kwa mizani na kwa hesabu, asije akatoa fedha zake kwa maneno matupu, wala asije akaondoa katika baiskeli yake kitu ambacho kingeokoa maisha yake.

1. BAISKELI ZA ZAMANI NA ZA SASA

Baiskeli zilizojulikana kwanza na wazee wetu wa pwani zilitoka Uingereza. Raleigh zilitengenezwa katika mji wa Nottingham na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1888. Hercules, Phillips na BSA zilitoka Birmingham. Raleigh ilijisifu katika matangazo yake kuwa baiskeli ya chuma kitupu, na sifa hiyo ilikuwa kweli: fremu ilikuwa ya chuma, rimu za chuma, usukani wa chuma, na hata breki zake zilivutwa kwa vyuma virefu badala ya waya. Baadaye baiskeli za namna hiyo hiyo zikaja kwa wingi kutoka India na China, na watu wa Kenya wakaipa namna hiyo jina la Black Mamba, kwa ajili ya weusi wake.

Baiskeli ya namna hii, ikiwa na keria, stendi na madigadi, huwa na uzito wa kilo 20 hadi 23 hivi. Kwa kipimo cha wazee, ambao frasila yao ilikuwa karibu kilo 16, hiyo ni frasila moja na thuluthi na zaidi kidogo. Baiskeli ya kisasa ya mizigo iitwayo Buffalo, iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, nayo ina uzito wa kilo 22 au 23 hivi, na keria yake imetengenezwa ichukue kilo 100. Baiskeli zile za gia nyingi na matairi yenye meno, ambazo nyingi hufika kwetu zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, huwa za kilo 13 hadi 17, yaani zakaribia frasila moja.

Mbali kabisa na hizo ziko baiskeli za mashindano. Mwaka 1972, Eddy Merckx wa Ubelgiji alipovunja rekodi ya mwendo wa saa moja katika mji wa Mexico, alipanda baiskeli ya uzito usiofika kilo 6. Tangu mwaka 2000 chama cha mashindano ya baiskeli ulimwenguni kimekataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8 katika mashindano ya barabarani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, kati ya mwaka 2013 na 2017, alishindana chini ya kanuni hiyo. Tazama, basi: baiskeli moja ya mchuuzi wa Likoni ina uzito wa baiskeli tatu za mashindano. Lakini je, baiskeli ile ya kilo 6.8 ingeweza kuchukua madafu? Haingeweza. Kila chombo hupimwa kwa kazi yake.

2. UZITO UKO WAPI?

Chukua baiskeli nyeusi ya kilo 22 uivunje kiungo kimoja kimoja. Tarakimu zifuatazo ni za kukadiria, maana watengenezaji hutofautiana, lakini zatosha kutuonyesha njia.

Fremu pamoja na uma wa mbele: kilo 5.
Magurudumu mawili pamoja na rimu, spoki, matairi na tyubu: kilo 6.
Mikono ya pedali, pedali, mnyororo na friwili: kilo 3.
Usukani pamoja na breki na vyuma vyake: kilo 2.
Kiti chenye springi pamoja na nguzo yake: kilo 2.
Madigadi na kifuniko cha mnyororo: kilo 1 na nusu.
Keria: kilo 1 na nusu.
Stendi ya miguu miwili: kilo 1.
Jumla: kilo 22.

Watu wengi hudhani ya kuwa uzito wa baiskeli wote umo katika fremu. Hesabu yetu yaonyesha kuwa sivyo. Fremu na uma wake havifiki hata robo ya uzito wote, magurudumu yanawashinda.

Tena uzito wa gurudumu una tabia yake. Kilo moja iliyo katika keria yatakiwa kusukumwa mbele tu. Kilo moja iliyo katika rimu au tairi yatakiwa kusukumwa mbele na pia kuzungushwa. Kwa hiyo wakati wa kuondoka, baada ya kusimama, huhesabiwa karibu kama kilo mbili. Mtu aendaye safari ndefu bila kusimama hatalitambua jambo hili sana. Lakini auzaye mikate mtaa kwa mtaa huko Changamwe, asimamaye kila mlango na kuondoka tena, hulitambua kila mara.

Kwa nini kiungo kimoja kiwe kizito na kingine, cha umbo lile lile, kiwe chepesi? Sababu ni kitu kilichotumika. Chombo cha lita moja kikijazwa maji, maji hayo yana uzito wa kilo 1. Kikijazwa alumini, madini yale yale ya sufuria zetu, uzito huwa kilo 2.7. Kikijazwa chuma, uzito hukaribia kilo 8. Hivyo rimu ya chuma yenye uzito wa kilo moja huweza kubadilishwa kwa rimu ya alumini yenye karibu nusu ya uzito huo. Hatusemi thuluthi, kwa sababu alumini hupindika kwa urahisi zaidi kuliko chuma, na fundi hana budi kuifanya nene ili ipate nguvu.

3. JINSI YA KUPIMA BAISKELI YAKO

Asiye na mizani asikate tamaa. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni mizani ya kusimamia, kama ile ya zahanati. Simama juu yake peke yako, uandike uzito wako. Kisha simama tena ukiwa umeinua baiskeli. Toa hesabu ya kwanza katika ya pili. Kinachobaki ni uzito wa baiskeli.

Njia ya pili ni mizani ya ndoano, kama watumiayo wauza samaki na wanunuzi wa nazi. Itundike juu ya mti imara, kisha uitundike baiskeli.

Njia ya tatu yahitaji mti na maji tu, nayo inafaa sana kwa wanafunzi. Chukua mzegazega ulionyoka, uutundike kwa kamba katikati barabara, mpaka ukae sawa bila kuegemea upande. Ncha moja funga baiskeli. Ncha ya pili, kwa umbali ule ule kutoka katikati, funga mtungi wa plastiki wa lita 20. Tia maji kwa kipimo cha lita moja moja mpaka mti ukae sawa tena. Kila lita ni kilo 1. Ongeza uzito wa mtungi mtupu, ambao ni kama kilo 1. Ukiwa umetia lita 19, baiskeli yako ina kilo 20. Ikiwa mtungi umejaa na baiskeli bado yashuka, funga chupa ya maji ya lita moja au mbili kando ya mtungi, uzihesabu pia.

4. HESABU YA MCHUUZI WA MADAFU

Sasa twende ferini. Kila mkazi wa Likoni ajua ya kuwa mteremko wa kivuko haukai hali moja. Maji yakijaa, chombo hutia pua yake juu; maji yakipwa, hutia chini, na abiria hupanda mwendo mrefu. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa hupita mita 3.

Tufanye mchuuzi wetu ana kilo 65. Baiskeli yake ni nyeusi, ya kilo 22. Amefunga madafu 42. Dafu moja likikadiriwa kilo 1 na nusu, mzigo wote ni kilo 63. Jumla ya vyote ni 65 na 22 na 63, yaani kilo 150. Ameteremka upande wa Likoni, amevuka, na sasa apanda upande wa kisiwani. Maji yamekupwa, naye yampasa kupanda mita 3 zaidi ya alizopanda wakati maji yalipojaa.

Kazi ya kuinua hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa urefu wa kwenda juu. Kilo 150 mara mita 3 ni 450. Gawanya kwa 90, ambao ni uzito wa gunia la mahindi, utapata 5. Maana yake ni hii: bahari imemwongezea mtu yule kazi iliyo sawa na kuinua gunia zima la mahindi mita 5 kwenda juu. Mzigo wa mwenzio si kanda la usufi!

Je, angekuwa na baiskeli ya kilo 16? Jumla ingekuwa kilo 144. Mara mita 3 ni 432. Ukigawa kwa 90 ni 4.8. Gunia lile lingeinuliwa mita 4 na sentimita 80. Amepunguziwa sentimita 20 tu katika mita 5, yaani sehemu 4 katika 100.

Lakini jioni, madafu yakiisha, mambo hubadilika. Mtu na baiskeli nzito ni kilo 87; mtu na baiskeli nyepesi ni kilo 81. Tofauti ni ile ile kilo 6, lakini sasa ni karibu sehemu 7 katika 100. Hapa ndipo penye funzo kubwa la somo letu: kadiri mzigo uzidivyo, ndivyo uzito wa baiskeli unavyopungua maana, na ndivyo nguvu zake zinavyozidi maana. Kwa hiyo karani au mwanafunzi apandaye kutoka Makupa kwenda Changamwe bila mzigo ana sababu ya kutafuta baiskeli nyepesi. Mchukuzi wa mizigo ana sababu ya kutafuta kwanza baiskeli isiyovunjika.

Neno moja juu ya gia. Gia hazipunguzi kazi hata kidogo, huigawanya tu. Mwenye gia ndogo hupiga pedali mara nyingi kwa nguvu kidogo kidogo, na asiye na gia hupiga mara chache kwa nguvu nyingi. Magoti hushukuru, lakini kilo zile zile huinuliwa mita zile zile.

5. UZITO USIOFAA KUONDOLEWA

Wako vijana ambao, wakitaka wepesi, huondoa breki ya mbele na madigadi. Tuupime wepesi huo. Breki ya mbele na vyuma vyake haizidi nusu kilo sana. Ni uzito wa chupa ndogo ya maji. Katika jumla ya kilo 150, nusu kilo ni sehemu moja katika 300. Hakuna mguu utakaoitambua. Lakini baiskeli ikifungwa breki, uzito wote huegemea mbele, na gurudumu la mbele ndilo lishikalo ardhi zaidi; kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma. Aiondoaye amejitua uzito wa chupa ya maji, na amejitwika hatari ya kuteremka kivukoni penye umati wa akina mama na watoto pasipo njia ya kusimama.

Tena rimu ya chuma iliyong'arishwa ina kasoro moja kubwa: ikilowa, breki huteleza. Katika masika, mwezi wa Aprili na Mei, mwenye rimu za chuma hana budi kuanza kufunga breki mapema zaidi kuliko desturi yake. Rimu ya alumini hushikwa vizuri zaidi ikiwa imelowa, tena hailiwi na kutu ya hewa ya bahari. Basi mwenye fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, na abadilishe rimu ya mbele: atapunguza uzito pale panapozunguka, na atapata breki ya kuaminika wakati wa mvua.

Gurudumu la nyuma lina shauri lake. Hili ndilo lichukualo karibu mzigo wote, na spoki zake ndizo zikatikazo. Baiskeli nyingi za Kiingereza za zamani zilitiwa spoki 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu hiyo. Spoki za kawaida zina unene wa milimita 2. Spoki 36 za namna hiyo zina uzito wa gramu 270 hivi. Ukitia za milimita 2.3, uzito hufika gramu 350 hivi. Umeongeza gramu 80, ambazo si kitu, na kila spoki imepata chuma zaidi kwa karibu thuluthi. Huu ni uzito wa kununuliwa kwa furaha.

6. MAHALI PA KUWEKA MZIGO

Kilo ni zile zile, lakini mahali zilipowekwa huweza kuzifanya rafiki au adui. Mzigo uliofungwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hulinyanyua gurudumu la mbele, na usukani huwa kama wa mlevi. Jaribu hivi kabla ya kuondoka: simamisha baiskeli yenye mzigo, kisha uinue usukani kwa vidole viwili. Ukinyanyuka bila taabu, mzigo umekwenda nyuma mno. Usogeze mbele, karibu na kiti, na vitu vizito uviteremshe pande mbili za gurudumu, sawasawa kulia na kushoto.

Mwisho, usisahau upepo. Tairi lililolegea hukokota kama mguu mchangani, nalo laweza kumchosha mtu katika njia tambarare ya Kisauni kuliko zile kilo 6 tulizozihesabu. Kujaza upepo ni kazi ya dakika chache. Mtu asilaumu uzito wa fremu kabla hajaminya matairi yake kwa kidole gumba.

7. MUHTASARI

Kwanza: pima, usikisie.
Pili: jumlisha mtu, chombo na mzigo, ndipo uamue kama kilo zitakazopungua zina maana.
Tatu: ukitaka wepesi, anza na magurudumu, si fremu.
Nne: usipunguze breki, spoki wala keria kwa ajili ya wepesi.
Tano: panga mzigo vema, na jaza upepo.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Mwuza mikate wa Changamwe ana kilo 60, baiskeli yake kilo 20, na sanduku la mikate kilo 20. Akinunua baiskeli ya kilo 15, amepunguza sehemu ngapi katika 100 za uzito wote?

(b) Mwanafunzi wa Kisauni alitumia mzegazega. Mtungi mtupu una kilo 1, naye alitia lita 14 ndipo mti ukakaa sawa. Baiskeli yake ina kilo ngapi?

(c) Mchuuzi wa madafu ameuza nusu ya madafu yake 42. Uzito wote wa mtu, baiskeli nyeusi na madafu yaliyobaki ni kilo ngapi?

Majibu: (a) Sehemu 5. (b) Kilo 15. (c) Kilo 118 na nusu.

Aliyepata yote matatu na aende akaipime baiskeli yake jioni ya leo. Naye asiye na baiskeli, siku atakapokutana na mchuuzi akipanda kutoka kivukoni maji yamekupwa, na akumbuke gunia lile la mahindi na mita 5, aweke mkono nyuma ya keria amsukume kidogo.